Mgonjwa Asiyehesabiwa

Sehemu ya Saba

Mlango ulifungwa kwa nje, ufunguo ukazungushwa, na Teresiah akabaki gizani akisikia mtu anapumua.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji, na barua zenu zimenifikia. Kuna mama mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba nilimkosesha usingizi. Basi nisiwacheleweshe.

Teresiah alipapasa ukuta mpaka akapata swichi. Taa ikawaka.

Kitandani, peke yake katika wodi ya vitanda vinane, alikuwa amelala Paskazia.

Ndiyo, Paskazia yule yule ambaye wauguzi wote waliambiwa ameruhusiwa akiwa mzima, akapanda ndege kurudi kwao Bukoba.

"Sista," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimekusikia unatembea nikadhani ni wao."

"Paskazia, umekaa hapa tangu siku ile?"

"Tangu siku ile niliyoanguka. Waliniambia wodi ya chini imejaa."

Kwa aliyejiunga nasi leo: Teresiah ni muuguzi, Mkenya wa Murang'a, na anafanya kazi katika hospitali moja ya binafsi huko Al Qusais, Dubai. Kazi yake hasa ni kuripoti kila mgonjwa anayeumia akiwa mikononi mwa hospitali: aliyeanguka, aliyepewa dawa isiyo yake, aliyeota vidonda kwa kulala bila kugeuzwa. Kwa hesabu hizo hospitali hupimwa usalama wake na kupewa cheti. Wakaguzi walikuwa jengoni siku hiyo hiyo, na pale mapokezi skrini kubwa ilikuwa inatangaza kwamba mwaka mzima hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeanguka.

Lakini Paskazia alianguka. Alikuja kutolewa mawe ya nyongo, akashuka kitandani kwenda chooni, akavunjika nyonga. Teresiah aliripoti. Ripoti ikapotea, na mgonjwa naye akapotea. Ndipo asubuhi hiyo Teresiah akapanda mpaka ghorofa ya tano, iliyofungwa kwa kile walichokiita ukarabati.

Sasa alikuwa amempata mgonjwa wake, na mtu fulani alikuwa amewafungia wote wawili.

Alifunua shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kwenye shavu la mguu hadi kwenye goti, ngozi imevutika na inang'aa. Aliugusa. Ulikuwa wa moto.

"Huu uvimbe umeanza lini?"

"Juzi. Nyonga nimeizoea, sista. Huu mguu ndio unanitoa machozi."

"Na ile siku, kwa nini hukuita mtu akupeleke chooni?"

"Niliita. Nilibonyeza kengele mpaka kidole kikaniuma. Baadaye yule mfagiaji akaniambia kengele ya chumba kile haijawahi kufanya kazi." Paskazia akageuza uso ukutani. "Nikaona aibu kujikojolea. Mtu mzima kama mimi."

Teresiah alikuwa anautazama ule mguu. Mtu amelazwa chali, nyonga imevunjika, haguswi, hasogezwi. Damu ilikuwa imeganda ndani ya ule mguu. Bonge likichomoka likafika kwenye mapafu, mgonjwa angeweza kufa kabla hajamaliza kusema anaumwa nini.

"Wamekwambia watakufanyia nini?"

"Leo jioni nasafiri. Tiketi wamekata wao. Wamesema nitapelekwa mpaka kwenye ndege kwa kiti cha magurudumu."

Saa nyingi ndani ya ndege, mguu umekunjwa. Teresiah akatoa simu yake mfukoni. Chaji ilikuwa imekwisha. Akaenda dirishani, akavuta pazia zito. Kioo hakikuwa cha kufunguka, na chini, mbali, magari yalikuwa yanameremeta juani bila sauti.

Ndipo ufunguo ukazunguka tena.

Aliyeingia kwanza alikuwa Madam Ashwaq, mkurugenzi wa ubora na usalama wa wagonjwa, suti yake nyeusi imenyooshwa, simu mbili mkononi. Nyuma yake alikuwa Zadock, mlinzi.

Teresiah alimtazama Zadock. Zadock akatazama sakafu. Wao wawili walikuwa wanasali kanisa moja kila Ijumaa, maana huko makanisa mengi husali siku hiyo. Mke wa Zadock ndiye aliyempokea Teresiah alipofika Dubai hajui hata pa kununua unga.

"Ni wewe uliyenifungia?" Teresiah alimuuliza kwa Kiswahili.

"Niliambiwa nifunge, nikafunga," alisema Zadock polepole. "Sikujua ni wewe uko ndani. Nimeambiwa sasa hivi, kwenye lifti."

"English, please," alisema Ashwaq, kisha akavuta kiti akakaa kama mtu aliyechoka. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiingereza, nami nawaletea kwa lugha yetu.

"Teresiah, sina muda, na wewe pia huna. Kuna mkaguzi mmoja, mama wa makamo. Wenzake wanatazama makaratasi. Yeye amechagua mgonjwa mmoja, anataka kufuata njia yake tangu alipoingia mlangoni mpaka alipotoka. Kati ya wagonjwa wote wa hospitali hii amemchagua Paskazia."

Teresiah akamtazama Paskazia.

"Tumemwambia ameruhusiwa. Akasema sawa, nipeni namba yake nimpigie nimuulize mwenyewe." Ashwaq akainua simu moja. "Nimempa namba ya simu hii, nimeiwekea laini ya Tanzania. Muda wowote kuanzia sasa italia. Na wewe ndiye utakayekuwa Paskazia."

"Mimi?"

"Huyu hawezi. Atalia. Wewe utasema uko kwenu, umepona, ulihudumiwa vizuri. Jibu fupi fupi, Kiingereza cha kubabaisha, kama alivyokuwa anaongea yeye. Khalas, yameisha."

"Madam, huyu mama ana damu iliyoganda mguuni. Mkimpandisha ndege atakufa."

Ashwaq alifumba macho kidogo. "Daktari amesema anaweza kusafiri."

"Daktari gani? Amekuja hapa akamgusa?"

Ashwaq akatazama saa kwenye simu yake.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, mlango huu utabaki ulivyo mpaka wakaguzi waondoke. Kesho visa yako itafutwa, na nitaeleza kwamba ulimficha mgonjwa huku juu ili ufunike uzembe wako. Wewe ndiye uliyekuwa zamu alipoanguka." Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayesoma ratiba. Kisha sauti yake ikashuka. "Usinitazame hivyo. Mwenye hospitali anataka sifuri. Mwaka wa kwanza nilimpelekea hesabu za kweli, na aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alikuwa ameshafukuzwa kwa hizo hizo. Visa yangu pia iko chini ya hospitali hii. Na ya watoto wangu iko chini ya yangu."

Simu ikalia.

Wote wanne waliitazama. Ashwaq akabonyeza kitufe cha spika, akaiweka mbele ya Teresiah, na kidole kimoja juu ya midomo yake kumwonya Paskazia. Paskazia akajiziba mdomo kwa viganja viwili ili asigune.

"Hello?" alisema Teresiah.

"Good morning. Am I speaking to Paskazia?"

Sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu, isiyo na haraka.

"Yes, madam. Me Paskazia."

"How are you feeling, my dear?"

"Fine, madam. Home. Very fine."

Ashwaq akatikisa kichwa kukubali. Halafu ile sauti ikarudi, na maneno yaliyotoka yaliwafanya Teresiah na Zadock watazamane.

"Mwanangu, nnaona Kiingereza kinakutaabisha. Basi hebu tuzungumze Kiswahili."

Rangi ilimtoka Ashwaq. Hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba haelewi.

"Mie naitwa Daktari Khairiya," sauti iliendelea. "Wazee wangu watu wa Unguja, mtaa wa Malindi. Nimezaliwa huku huku, lakini nyumbani lugha hatukuiacha. Sasa niambie na usiogope. Ulipolazwa pale, uliwahi kuanguka?"

Ashwaq alimwashiria Zadock kwa mkono asogee, asikilize kila neno. Zadock akasogea. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni ingawa kiyoyozi kilikuwa kinanguruma.

Teresiah alimtazama rafiki yake. Akamtazama Paskazia. Akafikiri: nikitaja jina lolote madam atalisikia. Nikitetemeka ataona.

Akatabasamu. Akaongea kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwa mema aliyotendewa.

"Mama, mimi siye unayemtafuta. Mimi ni muuguzi wake. Yeye yuko hapa mbele yangu kitandani, alianguka akavunjika nyonga, na hajatibiwa. Mguu umevimba, damu imeganda. Jioni wanampeleka uwanja wa ndege. Tumefungiwa ghorofa ya tano, kule kwenye ukarabati, na wakubwa wangu wananisikiliza lakini hawajui ninachosema. Nakuomba uje."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

Teresiah aliendelea kutabasamu huku mashavu yakimuuma.

"Cheka kidogo, mwanangu," alisema Khairiya kwa wepesi ule ule, kana kwamba wanazungumzia mapishi. "Cheka, na mie ncheke, wasitie shaka."

Teresiah akacheka. Khairiya naye akacheka, kicheko cha kweli kabisa.

"Hospitali iliyoniambia mwaka mzima hajaanguka mtu, mie hainitulizi moyo, hunitia khofu," alisema. "Sasa sikiliza. Nnakuja mwenyewe. Usimwache huyo mgonjwa peke yake. Umenisikia? Usimwache."

"Nimekusikia, mama. Asante sana."

Simu ikakatika.

Ashwaq alimgeukia Zadock. "Amesema nini?"

Hapa, msomaji, fikiria wewe ungekuwa Zadock. Una chumba unachogawana na wenzako kule Muhaisnah, una mke anayefanya usafi kwenye hoteli ya Dubai Marina, na mtu aliye mbele yako anaweza kukurudisha kwenu kwa kuandika barua pepe moja. Neno moja la kweli, na wewe uko salama.

Zadock akamtazama Ashwaq usoni.

"Anasema alihudumiwa vizuri, madam. Anasema manesi walikuwa wapole."

"Na kilichowachekesha?"

"Chakula, madam. Amesema kila kitu kilikuwa kizuri ila alikosa ugali."

Ashwaq aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu anayeweza kulala usiku huo.

"Alhamdulillah," alisema. Akachukua simu yake ya pili. "Joachim, leta gari chini, mlango wa mizigo. Ndiyo, sasa hivi. Mgonjwa wa uwanja wa ndege."

"Madam, ulisema jioni," Teresiah alidakia.

"Mkaguzi ameridhika. Kwa nini tungoje mpaka abadilishe mawazo? Atasubiri ndege huko huko." Akasimama. "Zadock, sukuma kitanda. Lifti ya mizigo. Teresiah, shuka naye mpaka garini, umtulize, halafu urudi wodini ukaendelee na kazi. Leo umeiokoa hospitali hii."

Teresiah alitaka kupiga kelele. Khairiya alikuwa anapanda kwa lifti ya mbele, nao wakisukumwa kwenda lifti ya nyuma. Alijaribu kuchelewesha, akasema mgonjwa anahitaji kubadilishwa shuka, akasema breki ya kitanda imekwama. Ashwaq alipiga breki teke, kitanda kikatembea.

Ndani ya lifti, watatu peke yao, Zadock alizungumza kwanza.

"Yule mama akifika juu atakuta nini?"

"Kitanda hakuna. Mtu hakuna."

"Nitapanda nimwambie. Nikishawafikisha tu chini, napanda kwa ngazi."

"Zadock, umejiweka pabaya."

"Tuko pabaya sote. Acha sasa."

Paskazia alikohoa. Halafu akakohoa tena, kikohozi kikavu.

Chini kulikuwa na joto la kuchoma. Gari lilikuwa tayari, lile jeupe la kurudishia nyumbani wagonjwa walioruhusiwa. Ndani hakukuwa na kitu ila machela, mikanda, na kiti kimoja. Hewa ya oksijeni haikuwamo, kwa sababu hakuna aliyetegemea mtu mgonjwa hasa apande humo. Dereva Joachim, Mtanzania mpole wa Kigoma, alisaidia kumhamisha Paskazia bila kuuliza swali.

"Ukibaki hapa uko sawa," Zadock alimnong'oneza Teresiah. "Huyo daktari anashuka, anakusikiliza, unaeleza kila kitu. Ukipanda humo, sijui."

Alikuwa anasema kweli, na Teresiah alijua. Mtu wa kumwokoa alikuwa ghorofa chache tu juu yake.

Paskazia akainua kichwa kutoka kwenye machela. "Sista," alisema, "kifua kinanibana."

Teresiah akapanda.

"Mwambie tumeenda njia ya uwanja wa ndege," alimwambia Zadock, na mlango ukafungwa.

Gari lilitoka kwenye kivuli likaingia juani. Teresiah alifunga mkanda wa machela, akainua kichwa cha Paskazia kwa koti lake lililokunjwa, akamshika mkono. Mapigo yalikuwa ya haraka, mepesi.

"Pumua kwa pua. Polepole. Hivyo."

"Nina dada yangu Bukoba," alisema Paskazia. "Hajui hata kama nilifanyiwa operesheni. Sikutaka awe na wasiwasi."

"Utamwambia mwenyewe."

Teresiah aligonga kile kidirisha kilichowatenga na dereva. Joachim akakifungua kwa mkono mmoja.

"Kaka, huyu hafiki uwanja wa ndege. Tupeleke hospitali ya serikali, sehemu ya dharura. Geuza gari."

"Dada, mimi nimeambiwa uwanja wa ndege."

"Mtazame kwenye kioo."

Joachim akatazama. Kabla hajajibu, simu iliyokuwa mbele yake ikaita, na sauti ya Ashwaq ikajaa gari zima. Nyuma yake zilisikika sauti nyingine, watu wanabishana kwa Kiarabu, na mmoja wao alikuwa Khairiya, safari hii hacheki.

"Joachim, nisikilize vizuri. Huyo muuguzi uliyembeba amemtorosha mgonjwa. Hakuwa na ruhusa. Alikuwa amemficha ghorofa ya tano, na sasa amekimbia naye. Polisi tumeshawaarifu, wanakungoja uwanja wa ndege. Nenda moja kwa moja. Usisimame popote. Ukisimama, na wewe ni mwenzake."

Joachim akageuza shingo. Macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Dada," alisema, "umenifanyia nini?"

Teresiah aliona jinsi kitanzi kilivyofungwa. Aliyepanda gari ni yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Kamera za pale chini zilikuwa zimemwona anaingia kwa miguu yake.

Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na yote yalikuwa kweli. Yangechukua muda. Mkono wa Paskazia ulikuwa umeanza kuwa na baridi, na kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu.

Akaingiza uso kwenye kidirisha, karibu na simu.

"Madam, ni Teresiah. Ni kweli. Nimemchukua."

Ashwaq alijaribu kumkatiza, yeye akaendelea.

"Waambie polisi hivyo hivyo. Nimemwiba mgonjwa. Na uwaambie hatuendi uwanja wa ndege, tunakwenda hospitali ya serikali, na mgonjwa ana bonge la damu kwenye mapafu. Kama wananitaka, waje watufungulie njia."

Akamtazama Joachim.

"Umesikia? Nimesema ni mimi. Nimekulazimisha. Sema hivyo ukiulizwa."

Joachim akarudisha macho barabarani. Kisha akawasha taa ya pembeni, akakata kona, akaiacha barabara ya uwanja wa ndege.

"Baba yangu alikufia njiani," alisema baada ya muda, bila kugeuka. "Kwenye baiskeli, tunampeleka zahanati. Shikilieni."

Gari likaongeza mwendo. Teresiah akasikia king'ora kwa mbali nyuma yao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akashukuru kusikia polisi wanamfuata.

Mbele yao, magari yakaanza kuwasha taa nyekundu. Moja, kisha safu nzima, kisha safu zote. Lori lilikuwa limelala kukingama barabara, na mifuko ya saruji imepasuka kila mahali. Joachim akakanyaga breki. Kulia gari, kushoto ukuta wa zege, nyuma magari yanazidi kujipanga. King'ora kilikuwa bado kinalia kule nyuma, lakini hakikuwa kinakaribia tena.

"Sista," alisema Paskazia.

"Niko hapa."

"Usiniache."

Halafu ule mkono uliokuwa umemshika ukalegea.

Teresiah aliweka sikio puani mwake. Akaweka vidole shingoni, akavisogeza, akavisogeza tena. Akafungua mikanda, akapiga goti juu ya machela, akaweka viganja viwili juu ya kifua cha Paskazia, akaanza kusukuma.

Nje, hakuna gari lililosogea.